Kikwembe ya Kuku pa Pua Yangu

Yaya Kalenga,

Aksanti. Naanza na ile neno juu ulikuwa unasema mi najuaka kukula bukari tu, kushukuru hapana.

Juzi nilienda ku opitali kupimisha kifua. Banakutia bomba ndogo mu kinywa, munganga analia na sauti: "Puliza, papa! Ingine! Ingine!" Bamama ba pa mulango balifikiri niko nazala. Na hii tumbo yangu, balikuwa na haki. Lakini niliogopa, Yaya. Tangu asubui nilikuwa nasikia kikohozi yako mu kifua yangu.

Unakumbuka maziwa yetu? Siku ya Posho, mwisho ya juma, kisha kusaga mahindi ya mutaa ya Bel-Air yote, tulikuwa tunatoka mu mulen, nyumba ya masini ya kusaga, beupe mpaka kope, tunakunywa maziwa ya kusukula vumbi ya bunga mu kifua. Bantu bote ba mulen baliamini vile. Weye ulikuwa unakunywa yako na nusu ya yangu: "Mi mukubwa, kifua yangu inaomba mingi."

Kisha ulikohoa mwaka muzima. Munganga akakuambia maziwa inaendaka mu tumbo, vumbi inabakiaka mu kifua. Ulirudia na kasirani, ukapasula kikwembe ya muke wako, ile kitambaa yake yenye picha ya kuku, vipande mbili. "We Ilunga, funga pua! Kama unataka kukohoa, ngoja mi nimalize kwanza."

Ukanitosha pa kinywa ya masini, pale bunga inatokaka na moshi yake, ukanituma inje kushona mifuko. Nilinuna! Bantu baliniita bibi harusi, na ile kuku pa pua. Pa nafasi yangu ulisimama weye. Ulisema tu: "Yangu ilishaharibika. Yako ingali mupya."

Munganga aliangalia karatasi. "Papa, kwa muntu wa mulen, kifua yako ingali muzuri. Nani alikufundisha kujichunga?"

Nilitosha kitambaa mu mufuko, nikamuonyesha kuku.

Kwetu huku, patro, mwenye mulen, alitoboa dirisha mbili pa ukuta yake, na tunamwangaka maji mbele ya kufagia. Muke wako iko salama. Angali anaulizia kikwembe yake. Kipande yako iko pa musumari, pale pale uliiacha. Sasa mi njo mukubwa wa mulen, na bantu bananiita bibi harusi tena. Baite tu. Nakuahidi: wakati ningali pale, hakuna muntu atamwanga mahindi mu masini bila kufunga pua. Hata patro.

Lala muzuri mu kaburi yako, Yaya. Siku ya Posho nitakunywa maziwa. Najua, inaenda mu tumbo. Nusu nakuachia.

Ilunga