Kuuliza na Kunyamaza

Jumatatu, 1 Mei 1911

Mpwapwa. Baridi asubuhi. Nimepanga masomo ya wiki: hesabu, imla, mito ya nchi hii, na namna ya kumfundisha mtoto kusoma. Vijana wangu ndio watakaokuwa walimu vijijini. Lazima wajue somo, na wajue kulifundisha. Wachache hawakuja, wako shambani wanaamia ndege, mtama unakaribia kuiva. Nimewapangia masomo yao alasiri. Siwezi kugombana na ndege.

Ugali wa uwele na mlenda. Mwaka wangu wa kwanza hapa mlenda huu ulinishinda. Leo nimeongeza mara mbili. Nyumbani Pangani wasisikie.

Jumatano, 3 Mei

Habari kutoka bomani. Mkaguzi wa shule, Mdachi, atashuka Gulwe kwa gari la moshi wiki ijayo, aje kutupima. Akiridhika, darasa la walimu linabaki hapa. Asiporidhika linafungwa, vijana wanarudi kuchunga, nami narudi kufundisha watoto a, be, che.

Nimemwomba Mwalimu Hamisi akae nyuma anitazame nikifundisha. Yeye ana darasa la watoto. Mrangi wa Kolo, hamung'unyi maneno. Najuta tayari.

Alhamisi, 4 Mei

Hamisi amenitazama. Akanywa chai yangu, akala andazi langu, ndipo akasema: "Unauliza, halafu unajibu mwenyewe. Darasa lako lina mwanafunzi mmoja tu, ni wewe."

Nimekasirika. Nikamwambia vijana hawa wakiulizwa wananyamaza, nifanyeje? Akasema hawa Wagogo wamelelewa hivyo, kumrukia mkubwa na jibu kabla swali halijatua ni utovu wa adabu. Kumbe! Mimi miaka yote hii nadhani hawajui, nawaonea huruma, nawajibia.

Ana haki. Namchukia leo.

Jumamosi, 6 Mei

Nimejaribu. Nauliza, nafunga mdomo. Mateso matupu. Nimeuma ulimi kwelikweli, hata chai inaniwasha. Kuku akaingia darasani, akazunguka, akatoka, bado kimya. Kisha Malogo, mkubwa wao mwenye ndevu, akajibu. Vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga kueleza mimi. Wengine wakafuata, wakabishana, nikasahaulika pale mbele.

Nusu ya mpango wa wiki haikuisha. Nitapunguza mito. Nina furaha.

Jumatano, 10 Mei

Mkaguzi amekuja. Mikono yangu ilitoa jasho hadi chaki ikalowa.

Alimsimamisha Malogo. Akamuuliza: mtoto anachanganya l na r, utamfundishaje? Malogo akainamisha kichwa, akanyamaza kwa adabu. Mdachi akangoja kidogo sana. Akapumua kwa nguvu, akageukia ubao aanze kujibu yeye. Nilimwona na nikajiona. Mdomo ukanitangulia.

"Bwana, ngoja kidogo. Anafikiri."

Nilishaanza kuhesabu viboko. Uso wa Mdachi ukawa mwekundu. Lakini akangoja.

Malogo mwenyewe r imemtesa mwaka mzima. Akainua kichwa, akasema polepole: "Nitamwandikisha mahali na mahari, bwana. Hapo akikosea herufi moja, ng'ombe wanapotea. Hatasahau."

Mkaguzi akacheka. Sikujua kama Wadachi wanacheka. Akauliza mengine, na kila mara akangoja, ingawa aliona taabu. Alipoondoka alisema darasa linabaki. Nimemkumbatia Hamisi mbele ya watu, akanisukuma, eti nanuka jasho.

Ijumaa, 12 Mei

Nimelala mchana. Sijafanya lolote. Raha.

Jumatatu, 15 Mei

Leo Malogo amefundisha watoto kwa mara ya kwanza. Mimi na Hamisi tulikaa nyuma. Kanzu amefua, ubao ameupanga vizuri, sauti inafika. Akauliza swali lake la kwanza. Watoto wakanyamaza, wakainamisha vichwa. Akajibu mwenyewe, upesi upesi, kisha akauliza la pili na hilo pia akalijibu.

Hamisi akanitazama tu. Ikabidi nitoke nje nikacheke. Nitamwambia Malogo jioni, tukiwa wawili.