Majivu ya Sauna

Irja, uko wapi? Nimeaibika.

Unakumbuka vile vichaka vya bluberi, vya matunda madogo ya buluu, ulivyonipa nivipande kumkumbuka mama tulipomzika? Vinakufa. Majani yamekuwa manjano, nami nilikuambia namshuku jirani yangu Taisto, tangu tulipogombania uzio. Juzi nilimwona ameinama pale pale. Ameinama! Mtu mzima anatafuta nini kwenye bustani ya mwenzake?

Leo nikapima udongo kama tulivyofundishwa darasa la jioni. Bluberi hutaka udongo wenye asidi, lakini karatasi ya kupimia ikaonyesha magadi matupu, kinyume chake. Nikajua kuna mtu anamwaga kitu. Nikavuka uzio na karatasi yangu mkononi.

"Umeviwekea nini vichaka vyangu? Sema mbele ya Mungu!"

Taisto akauliza, "Mimi? Dada, majivu ya sauna yako unayamwaga wapi kila Jumapili?"

Irja. Kila Jumapili. Ndoo nzima ya majivu ya jiko la kile chumba changu cha mvuke, kwenye matuta yote, kama mama alivyofanya kwenye kabichi zake. Hata kwenye bluberi.

"Majivu ndiyo yanayoleta magadi," akasema. "Nilikuwa nayazoa. Kukuambia niliogopa, ulivyo mkali."

Alikuwa anayazoa!

Kesho ataniletea majani ya misonobari yaliyooza ili yarudishe asidi, anasema huenda vikapona. Nimeshindwa hata kumwomba radhi vizuri.

Wiki tatu nimefunga na kuomba, Mungu amfichue anayeua vichaka vya mama. Leo amemfichua, na ndoo bado iko mlangoni kwangu.