Wening na Mtihani wa Kuzungumza

Mtaa wa Kauman,
Wonosobo.
Jumanne, 17 Juni 2025

Ratmi, Wening amepata chuo Australia! Mwanangu, mtoto wa muuza tambi, amekubaliwa chuo kikuu, na serikali itamlipia kila kitu!

Haya, sasa nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Mpendwa mdogo wangu, hamjambo huko Lampung? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na pilipili manga zenu, zimezaa? Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inauma mpaka kwenye meno, na baba yetu hatoki nje bila blanketi begani. Ningekupigia simu, lakini kuta za nyumba hii unazijua, na mengine ninayotaka kukuambia sipendi Wening ayasikie. Anadhani mama yake hana wasiwasi hata chembe.

Atasomea udongo. Ndiyo, udongo una shule yake. Baba alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Aende ng'ambo kusomea matope? Si aje kwangu kwenye viazi?" Lakini kilima kilipoporomokea viazi vyake mwaka juzi, ni huyo huyo Wening aliyemweleza sababu, akamwonyesha na pa kupanda miti. Watoto mtaa huu ni wengi, sitaji majina, ila nionyeshe mwingine wa hivyo.

Ungeyasikia haya tangu mwezi uliopita, ila nilitaka kukupa habari iliyokamilika, nayo bado haijakamilika. Chuo kimemkubali kwa sharti. Lazima afaulu mtihani wa Kiingereza, ule wa wote wanaotaka kusoma ng'ambo: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na asipate chini ya sita kwenye sehemu yoyote. Matokeo wanayataka kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Wening aliponisomea barua ya chuo, mimi nilisikia "umekubaliwa" nikakimbilia jikoni kabla hajafika kwenye sharti. Siku ile ile nikapika wali wa manjano wa shukrani, nikapeleka kikapu kila nyumba, hata kwa Bi Tarmi anayeuza tambi mkabala na mimi sokoni. Kwa hiyo mtaa mzima umeshakula wali wa safari. Sasa Bi Tarmi kila asubuhi ananiuliza kwa sauti ya asali, "Dada Lastri, mwanao bado yupo? Nilidhani ameshapanda ndege!"

Wening akaenda mjini Yogya kufanya mtihani. Kusoma alipata nane kati ya tisa. Nane, Ratmi! Kusikiliza na kuandika kukapita vizuri. Kuzungumza akapata tano.

Mwalimu wake wa Kiingereza, Bi Endah, akaniita. "Mama, Kiingereza anacho. Kinachomfunga ni adabu." Mtahini alikuwa mzee wa mvi, na mtoto akafanya vile tulivyomlea: macho chini, sauti ndogo, jibu fupi, asije akaonekana anajigamba mbele ya mtu mzima. Alipoulizwa habari za mama yake akasema, "Anauza tambi." Basi! Mimi, ambaye watu wanatoka Temanggung kufuata mchuzi wangu!

Ikabidi tumtafutie mzee wa kuzoea kuongea naye, na mzee tuliye naye ndiye baba. Kiingereza hajui hata salamu. Lakini ungemwona! Alivaa shati lake la batiki la harusini na kofia nyeusi, akaketi wima kama hakimu.

"Mbona unaongea na vidole vyangu vya miguu? Macho huku!"

"Ndiyo, Babu."

"Ndiyo, halafu? Endelea!"

"Nimemaliza, Babu."

"Umemaliza nini? Mama yako saa hizi angekuwa bado kwenye salamu!"

Nililichukua hilo kama sifa. Wakaendelea hivyo kila alasiri, hadi mtoto akawa anaongea mpaka baba anasinzia, akiamka anasema, "Vizuri sana, kumi," na kuomba chai.

Jumamosi iliyopita akarudia huko huko Yogya sehemu ile iliyomwangusha. Nilimsubiri langoni na tempe ya soya ya kukaanga ndani ya kitambaa ili isipoe. Akatoka analia.

"Mama, nimemkosea."

"Nani?"

"Mtahini. Nimeongea, nikaongea, mpaka akanyoosha mkono akanikatiza. Nimemchosha, Mama."

Bi Endah anasema watahini hukatiza muda ukiisha, na kwamba heri kukatizwa kuliko kunyamaza. Lakini mimi na wewe tumelelewa na baba mmoja, na mkono wake ulipoinuka tulijua kuna kosa. Asubuhi namwamini mwalimu. Nikifika sokoni na kuanza kuchovya tambi, simwamini tena. Jana nimemuuzia mteja bakuli lisilo na mchuzi, na yeye kwa heshima akala vivyo hivyo.

Njiani kurudi nilimuuliza alikuwa anasema nini alipokatizwa. Akafuta macho, akasema, "Nilikuwa namweleza habari zako. Nilikuwa nimefika kwenye mchuzi, hata uduvi sijautaja."

Nikageukia dirisha la basi, nikajidai naangalia mashamba.

Matokeo yanatoka Ijumaa. Wakimpa chini ya sita, nafasi imekwenda. Nimeomba, nimefunga, zaidi ya hapo sina mkono. Lakini nimekata shauri moja. Wali wa mwezi uliopita ulikuwa wa Australia. Sasa nataka kupika wa Wening mwenyewe, aliyemtazama mtu mzima machoni akamwambia habari za mama yake mpaka akazuiwa. Apite asipite, utapikwa. Bi Tarmi nimeshamwalika, na nimemwambia avae vizuri.

Nisalimie sana shemeji, na mwanao Galih mwambie dada yake Wening amemtengea vitabu. Nisalimie pia Bi Painem jirani yenu. Baba anaomba kahawa ya huko, ile nyeusi kabisa. Mungu awazungushie kheri, awavushe salama kwenye feri na kwenye mabasi yote.

Dada yako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,
Lastri

Wali ni Jumapili hii, tarehe 22, kabla ya adhuhuri. Njooni wote.