Mahakama Haina Gari

Jumatatu, 4 Machi

Hakimu kasema kabla ya hukumu atakuja kukikagua kiwanja chetu kwa macho yake. Nilifurahi kama mjinga! Aone ukuta wa Saruji ulivyomeza kisima alichochimba baba, na jiko la mama, na nusu ya uwanja. Saruji — ndivyo tunavyomwita mtaani. Ana kiwanda, ana magorofa, ana mbunge. Sasa anakitaka na chumba changu cha cherehani. Kikienda hicho, mimi na mama tutakula nini?

Mama kauliza tumpikie nini hakimu. Nikamwambia mama, anakuja kazini, haji kuposa.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kumuuliza karani saa ya ukaguzi. Kasema ni keshokutwa, ila mahakama haina gari, dada yangu. Lipo, ila halina mafuta. Kwa hiyo upande wa pili umejitolea usafiri.

Upande wa pili! Mwizi anampa polisi lifti, na polisi anasema ahsante. Na mimi nipande wapi? Akasema gari la watu hilo, hawezi kunipangia siti. Juu ya kichwa chake kiyoyozi kipya kinavuma, kimebandikwa jina la mfadhili. La nani? Sitaki hata kuliandika.

Jumatano, 6 Machi

Wakili wangu anakata simu. Kaka kanishauri: mwenye nguvu mpishe. Kaka yangu, tumbo moja! Kumbe kijana wake kaajiriwa kiwandani kwa Saruji. Nimemjibu maneno yasiyoandikika.

Alhamisi, 7 Machi

Nje ya geti la Saruji, mimi na mama. Naandika huku nimechuchumaa.

Gari lake jeusi limetupita likatumwagia vumbi. Hakimu kiti cha mbele, ametulia kama bwana harusi. Karani nyuma. Wakaingia, geti likafungwa. Kipande chetu kinachokaguliwa kimo humo ndani — na sisi tuko nje!

Mlinzi anasema shangazi, huingii bila kibali. Cha nani? Cha mahakama. Mahakama si hiyo imeingia sasa hivi? Ndiyo, lakini haijamwambia kitu.

Nasikia glasi zinagongana. Nasikia hakimu anacheka. Wanakunywa, tena sauti zinatoka pale pale kwenye kisima cha baba yangu! Nawadharau. Nawadharau kuliko ninavyowaogopa, na nawaogopa sana.

Sasa karani anaita jina langu. Huko ndani, polepole, kama anayechelea kumwamsha mtoto. Kanuni naijua: ukiitwa mara tatu usiitike, umeandikwa hukufika, kesi inafutwa.

Nipo! Nimepiga geti kwa viganja mpaka vinawaka. Nipo hapa, jamani! Mama amevua kandambili, naye anapiga.

Kaita mara ya pili.

Mlinzi kaongeza sauti ya redio.