Kishindo Mwishoni mwa Wimbo wa Saba

Montréal, Jumanne, 19 Novemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Rose-Aimée,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Léopold na watoto, nikitumaini karatasi hii itawakuta wazima na jiko linawaka. Kifua chako kinaendeleaje? Na lile dirisha la upande wa bahari, limezibwa au Léopold bado anasema kesho? Mwambie kesho yake hiyo naijua tangu siku ya harusi yenu.

Mimi sijambo, ila nimechoka. Magoti yananiambia umri wangu kila nikipanda ngazi, na mgongo nao haukubali kunyooka hadi saa nne asubuhi. Leo sina kazi mpaka jioni, kwa hiyo nimekaa jikoni kwa Bibi Lachapelle mwenye nyumba, na supu yake ya njegere mbele yangu, na nimeamua kukuandikia mpaka niseme yote. Unajua kalamu si kazi yangu. Niliacha shule darasa la sita. Ukiona nimezunguka, nivumilie, maana kuna jambo moja la miaka thelathini na tano ambalo lazima nilifikie kabla karatasi haijaisha.

Nilikueleza wakati wa kiangazi kwamba jumba la michezo ninakobeba mbao limepata mchezo wa nyimbo unaojaza viti kila siku. Unaitwa *Kengele Zimekwenda Roma*. Ni wa mtunzi mmoja mwanamke, Ghislaine Desrosiers, bado kijana, anavuta sigara kama bomba la treni. Ni habari za watoto wa kijiji kama chetu, wanaoambiwa kwamba Alhamisi Kuu kengele huondoka mnarani, zikaruka mpaka Roma kwa Baba Mtakatifu, zikarudi asubuhi ya Pasaka. Watu wazima wanakuja kucheka, kisha wanatoka macho mekundu, hata wale wanaojisifu kwamba hawajaingia kanisani tangu wavunje ndoa.

Sasa wameutengenezea santuri. Kawaida ya kazi hii ni kwamba santuri ya mchezo hurekodiwa kwa siku moja tu, siku ambayo jumba limefungwa, kwa kuwa kesho yake waimbaji wanarudi jukwaani. Siku hiyo ilikuwa jana. Walikodi kanisa la Mtakatifu Barnabé, ambalo siku hizi Jumapili lina vikongwe kumi na wawili na paka wa paroko, kwa sababu ya mwangwi wake. Sisi wabebaji tuliingia mapema kutandika mazulia, kutundika mablanketi na kuzima mabomba ya joto yasigongegonge ndani ya maikrofoni. Watu waliimba wamevaa makoti. Watoto wa kwaya, wasichana na wavulana kumi na wawili, walikuwa na ruhusa ya wazazi mpaka saa kumi na moja jioni, si dakika zaidi. Kitakachokuwa hakijaingia kwenye utepe kufikia saa hiyo, hakitakuwa kwenye santuri.

Nyimbo sita zilipita vizuri. Wa saba ukagoma. Huo ndio wimbo wa Ijumaa Kuu, roho ya mchezo mzima, na Ghislaine alikuwa ameshasema kwamba bila huo ni heri santuri isitoke kabisa. Unakumbuka kwamba siku hizo tatu kengele hazilii, na anayeita watu kanisani ni Mkoromaji: lile sanduku la mbao lenye mkono wa kuzungusha, alilotengeneza baba, tulilolipa jina hilo kwa sababu lilikoroma kama babu. Jukwaani mpiga ngoma alikuwa akitumia kidude kidogo cha dukani. Mbele ya watazamaji kinapita. Mbele ya maikrofoni kilisikika kama sherehe ya mtoto wa miaka minne.

Kampuni ya santuri ilikuwa imemtuma msimamizi kutoka Toronto, Bwana Whitcombe, mtu mpole wa kanisa lingine, mwenye skafu mbili shingoni. Akashauri kwamba ikiwa ile mbao inasumbua, si wapige kengele tu? Fernand, mbebaji mwenzangu, akamjibu bila kutabasamu kwamba kengele ziko Roma. Bwana Whitcombe akatoa kijitabu, akauliza kwa adabu zitarudi lini, na kama haiwezekani kukodi nyingine hapa mjini kabla ya saa kumi na moja. Fernand akamwambia Jumapili, baada ya misa. Mpiga tarumbeta alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na mtunzi mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini muda ulikuwa unakwenda.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Miaka kumi na tisa ninabeba mbao za watu na sijawahi kusema neno mbele ya wanamuziki. Nilisema kwamba baba yangu alikuwa mtunza kanisa, kwamba kinachotakiwa ni sanduku kubwa lenye tumbo, na kwamba nikipewa saa ya chakula ninaweza kulitengeneza. Fernand akasema, “Haya, Mzee Samaki, tuonyeshe.” Ndivyo wanavyotuita hapa sisi tunaotoka huko kwetu pwani.

Nilichukua kreti ya tufaha kwa sanduku, mguu wa kiti kibovu kwa gurudumu la meno, na ubao mwembamba kutoka mgongo wa kabati la sakristia, Mungu na paroko wanisamehe. Patasi ilikuwa butu. Meno nane, kama ya baba, si sita, maana sita hukohoa badala ya kukoroma. Sikula. Saa nane kasoro robo nikauzungusha mkono mara moja tu, na Rose, nakuapia, paka wa paroko alipanda juu ya altare. Sauti ilikwenda mpaka kwenye roshani ya kwaya ikarudi. Vikongwe wawili waliokuwa wakisali rozari pembeni wakapiga ishara ya msalaba, mmoja akasema, “Yesu wangu, Ijumaa Kuu mwezi wa Novemba.”

Mpiga ngoma akajaribu, akashindwa. Ana mikono ya haraka, na Mkoromaji anataka mkono wa mtu anayetembea kwenye theluji akizunguka kanisa: mizunguko mitatu, pumzi, mizunguko mitatu. Ghislaine akaniambia nipige mwenyewe. Buti zangu zilikuwa zinalia, nikavuliwa. Basi nikasimama katikati ya wanamuziki kumi na wanne nikiwa na soksi, na dole gumba la kushoto likiwa nje likiwasalimu wote. Fernand ataisimulia mpaka kaburini.

Sasa mbao ilikuwa tayari, lakini wimbo bado. Katika wimbo huo kuna msichana wa darasa la pili ambaye mvulana mmoja amemwambia kwamba kengele haijawahi kutoka mnarani. Anasimama mbele ya darasa zima, anaapa kwa msalaba kwamba kaka yake alipanda mnarani akakuta patupu. Kisha Sista, mwalimu wao, anamwita kaka, na pazia linafungwa kaka akiwa hajajibu. Msichana anayeuimba anaitwa Mireille Gingras, ana miaka kumi. Mara ya kwanza aliimba kwa hasira. Ghislaine akasema hapana. Mara ya pili akaimba kama anataka kulia. Hapana. Mara ya tano mtoto akaondoka kwenye maikrofoni, akasema hawezi kuimba kitu asichokijua. Akauliza, “Huyo kaka alipanda au hakupanda? Kama hakupanda, basi mimi ni mjinga tu.”

Saa ilikuwa kumi na nusu. Ghislaine akawasha sigara ndani ya kanisa. Akasema hajui, kwa sababu hakukitunga kisa hicho, alikisikia kwa mtu. Kisha akageuka akanitazama mimi na soksi zangu.

Rose-Aimée, mdogo wangu, sasa nimefika pale.

Miaka miwili iliyopita, tulipokuwa tukipaka rangi mbao za mchezo mwingine, Ghislaine alikaa nasi kwenye chakula akituuliza habari za utotoni. Nilimsimulia. Nilimwambia ilimtokea jirani. Yule msichana ni wewe. Nawe hujui hata nusu yake.

Ile Alhamisi Kuu ya mwaka thelathini na tisa uliniuliza kengele inapitaje madirishani mwa mnara ilhali ni pana kuliko dirisha. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa na akili kunizidi, hilo halijabadilika. Ukaniomba nikatazame. Nilichukua ufunguo kwenye msumari wa baba, nikapanda. Kengele ilikuwepo. Ilikuwa imekaa pale pale, kamba imefungwa kwa fundo la baba mwenyewe, na njiwa juu yake. Niliposhuka ulikuwa umesimama kwenye theluji, mdomo wazi, mikono ndani ya kofia. Nikakwambia hamna kitu, ni patupu, ni upepo tu. Ningependa kusema nilikuonea huruma. Nilikuonea, kweli. Lakini nilipenda pia kuwa mtu aliyeona.

Wiki iliyofuata Adélard Cyr akakucheka darasani, ukasimama, ukaapa. Ulisema maneno haya, nayakumbuka kuliko sala yoyote: kaka yangu alipanda, na kaka yangu ameniambia. Sista akaniita kutoka safu ya tatu, ya sisi wakubwa wa chumba kile kile. Akaniuliza kama nilipanda mnarani. Kupanda kulikatazwa, ufunguo ulikuwa wa baba, na kazi ya baba ilikuwa mkate wetu. Nikatazama kidau cha wino, nikasema, “Hapana, Sista, sijapanda.” Akakupigisha magoti ubaoni mchana kutwa kwa kuapa uongo, akakutoa kwenye kwaya, na wakakuita Rose wa Roma mpaka ukaolewa. Tangu siku hiyo sijakusikia ukiimba, hata kwa watoto wako wachanga. Uliniuliza mara moja tu, usiku wa mazishi ya mama, kwa nini nilikudanganya kwamba nilipanda. Nikakujibu utoto.

Hukudanganywa hapo. Nilipanda. Ulichoapa kilikuwa kweli, neno kwa neno: kaka yako alipanda, na kaka yako alikuambia. Mwongo alikuwa mmoja tu darasani mle, naye alikuwa ameketi.

Hayo niliyasema jana kwa sauti, mbele ya wanamuziki, kwaya, Fernand, Bwana Whitcombe na vikongwe wawili. Sikuyapanga. Nilimwambia yule mtoto, “Alipanda. Ni mimi. Na dada yangu hakuwa na hasira wala hakulia. Alikuwa anajua.” Mpiga tarumbeta aliyecheka mchana alivua kofia. Mireille akanitazama kwa muda, kama wewe unavyomtazama muuza samaki, akaniuliza kama nimeshamwambia huyo dada. Nikasema bado. Akasema, “Basi mwambie,” akarudi kwenye maikrofoni, akainua kidevu.

Kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili tukaanza. Mimi mizunguko mitatu, pumzi, mizunguko mitatu. Akaimba. Rose, sina shule ya kukueleza. Aliimba bila kubembeleza mtu. Aliimba kama mtu aliyesimama mahali ambapo hakuna Sista wala Cyr anayeweza kumketisha. Kidevu ni chako kabisa, na sijui alikitoa wapi, kwani sikumwambia habari za kidevu. Aliposhika ile sauti ya mwisho juu, kanisa lote likaishika naye, na ilipoisha, mwangwi ukaendelea kuapa peke yake.

Fundi wa sauti alitaka turudie, kwa sababu ya kasoro moja mwishoni. Ghislaine akamwambia akiigusa atamvunja vidole. Kisha watu walipiga makofi, hata wapiga fidla kwa pinde zao, na Bwana Whitcombe akaja kunishika mkono, skafu zake zote mbili zimelowa, akiniambia kwa Kifaransa chake kilichovunjika kwamba sasa ameelewa kengele zilikokwenda. Fernand alinibeba mgongoni mpaka mlangoni, mzee mzima mimi, akipiga kelele kwamba Mzee Samaki ni mwanamuziki. Na ni kweli. Jina langu litakuwa nyuma ya jalada, kati ya tarumbeta na zeze kubwa: Ovila Thériault, Mkoromaji. Niliomba na lako liandikwe. Ghislaine tayari alikuwa ameliandika, chini ya wimbo wa saba: kwa Rose-Aimée, aliyesema kweli. Kama hutaki, niambie kabla ya wiki ya kwanza ya Desemba. Lakini nakuomba utake.

Santuri itakuja kwa treni kabla ya Krismasi, pamoja na buti za watoto. Usiisikilize peke yako jikoni kwa sauti ndogo. Iweke pale sebuleni, mwambie Léopold alifungue hilo dirisha ambalo bila shaka hajaliziba, na sauti iende mpaka dukani kwa Adélard Cyr. Akiuliza, mwonyeshe jalada.

Nisalimie shangazi Zélia, mwambie dawa yake ya magoti nimeimaliza. Nisalimie watoto mmoja mmoja, na umbusu yule mdogo ambaye sijamwona. Mwaka ujao nitakuja Pasaka, na nitakuja kuanzia Alhamisi.

Neno moja la kumalizia. Wimbo wa saba ukiisha, baada ya sauti ya mwisho ya yule mtoto, utasikia kishindo kidogo, kama kitu kimeanguka kwenye mbao. Usidhani santuri ina kasoro, wala usiirudishe. Ni goti langu: nilipiga magoti.

Kaka yako aliyepanda,
Ovila