Kwa Ezekia, Mpiga Kafi wa Mbele

Mwaka umetimia, Ezekia, tangu wenzako wakushushe mtumbwini pale Mwaya wakiwa wamekubeba. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wadachi, na mlikuwa mmeshinda mashindano ya mitumbwi. Ngoma za bomani zilikuwa bado zinalia ulipokata roho.

Ulikuwa mtani wa kila mtu, mvivu wa kuamka, hodari ukishaamka. Samaki wako wa kwanza ulimpa kikongwe wa jirani, mkeo Atuganile akanuna, ukamchekesha mpaka akasahau. Jumbe wa kijiji chetu alipokuchukua kwenye mtumbwi wake, pamoja na vijana aliowalisha na kuwalipa kwa kushindana tu, alikuweka mbele. Wenzako walisema hawakuhitaji wimbo. Waliufuata mgongo wako.

Mama yako Neli bado anafinyanga. Unamjua: akigonga chungu kwa kidole kikalia vibaya, hakiuzi hata kwa mgeni anayevuka ziwa asirudi tena. Anakipasua palepale ufukweni. Ndiyo maana mwaka huu umekuwa mzito kwake. Wiki ile ya mashindano aliweka sikio mgongoni kwako, akasikia kifua kinavyokwaruza, akajua.

Zebedayo, mtumishi wa jumbe, alipokuja kuulizia hali yako, mama alimjibu kuwa umechoka tu. Zebedayo akachungulia ndani, akakuona unavyotetemeka, akaenda zake. Jumbe alikuwa amejigamba kwa bwana mkubwa wa boma kwamba mtumbwi wake haushindwi, na cheo cha uakida alikuwa anakinusa. Nasi tulikuwa na yetu. Nyumba yenye mpiga kafi wa jumbe ilisamehewa kodi. Isiyo naye ilitoa kijana akachimbe barabara ya mlimani, na kwetu angekwenda mdogo wako Yotamu. Mama alidhani anawaokoa nyote wawili. Alikuamsha mwenyewe, akakunywesha uji. Ulimwambia kifua kinachoma. Akakwambia ujikaze, ni siku moja tu.

Tulipokwisha kukuzika, bwana mkubwa alitaka kujua ni nani aliyempakia mgonjwa mtumbwini. Jumbe akajibu kwamba uliuficha ugonjwa kwa tamaa ya tuzo. Zebedayo alikuja na maneno hayo nyumbani, akatueleza kwa upole kwamba tukiyakubali, kodi ya mwaka huu nayo itasamehewa. Tuliyakubali, Ezekia. Mwaka mzima watu wakituuliza tumekuita mficha ugonjwa, wewe ambaye hata ukijikata kidole pwani nzima ilijua.

Jumapili iliyopita mzee wa kanisa, Ambrose, alitaja jina lako katika maombi, akaongeza kwamba uliponzwa na kupenda ushindi. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo tulivyomwambia sisi. Mama yako akasimama. Atuganile alimshika nguo amketishe, maana Zebedayo alikuwa benchi la mbele. Hakuketi.

"Hakuficha," alisema. "Aliniambia mimi, na mimi ndiye niliyempeleka. Jumbe naye alijua, kwa sababu Zebedayo alimwona."

Wimbo uliofuata haukuimbika. Zebedayo alitoka kabla ya baraka, na kesho yake askari walikuja kumchukua Yotamu. Mama aliwafuata hadi njia panda ya Ngana, akiwaomba wamchukue yeye. Walimcheka. Yotamu alimshika mikono.

"Ndaga, mama, asante," alimwambia. "Sasa naweza kumtaja kaka yangu bila kuinama."

Tangu siku hiyo mama hali chakula vizuri. Anajua kwamba jina lako limesafishwa kwa mgongo wa Yotamu, na hatuna la kumfariji, kwani msamaha ule wa kodi tuliula sote. Tunaona aibu, na aibu hiyo ni haki yetu. Hatukuombi utusamehe leo. Tunachoweza kukupa ni hiki: mtu akiuliza tena ni nani aliyekupakia mtumbwini, tutamjibu kuwa ni sisi, hata akiwa bwana mkubwa mwenyewe.

Wanaokukumbuka ni mama yako Neli, mkeo Atuganile, na mdogo wako Yotamu aliye barabarani, pamoja na ndugu na majirani wa Mwaya na Itungi.

Daima utakuwa nasi, Ezekia, na kosa ni letu.