Kitambaa cha Harusi ya Binti wa Obiageli

Ebele, acha ulichoshika usome. Obiageli kaninyima kitambaa cha sare ya harusi ya bintiye. Mimi, niliyembeba huyo mtoto mgongoni!

Nimewakuta wenzetu wote kwa fundi wanapimwa. Namuuliza Obiageli changu kiko wapi, anacheka. "Mama Kosi, usinune. Tangu ufiwe na mume hujainuka, na semina ya utajiri imetufundisha, ukikaa na maskini watano wewe ni wa sita. Sare ni ya wenye maduka."

Ya wenye maduka! Mbele ya fundi, Ebele!

Natoka, ananifuata mlangoni. "Ila sala ya kuwabariki maharusi utuombee wewe, dada. Mungu anakusikia."

Nikaitikia sawa. Tangu nirudi nimepiga magoti, lakini kila nikitaka kumwombea yule binti, jina lake linakataa kutoka mdomoni.